Michezo ya vijana wetu: tuipime kwa haki, bila matusi na bila mabanga



Ukurasa huu umezoea kusema juu ya maji, umeme, barabara, kodi ambazo hazijulikani zinaenda wapi, na wenzetu waliokamatwa. Leo tunasema juu ya michezo ya video. Tunajua kuna atakayeandika «inchi inaungua, nyie munacheza». Asome kwanza. Tunazungumza juu ya namna tunavyohukumu kazi ya mwenzetu, na tukishindwa kuhukumu mchezo mdogo wa telefone, sijui tutahukumu vipi bajeti ya jimbo.

Tangu tuliposema kwamba tutapitisha hapa kazi za vijana, tumepokea nyimbo, picha, video za kuchekesha, na michezo. Michezo ndiyo iliyotushangaza. Inatoka Goma, Bukavu, Butembo, mmoja ulitoka Lubumbashi. Wengi wanaoitengeneza wametoka iniversite, diploma iko sandukuni, kazi hakuna. Wana mashine moja ya zamani ambayo bateri yake haishiki tena, wana Godot, programu ya bure ya kutengenezea michezo ambayo toka 2014 iko wazi kwa kila mtu, na masomo ya YouTube waliyopakua usiku wakati mega ni za bei ndogo. Umeme ukikatika kabla hawajahifadhi kazi, wanaanza upya. Hakuna anayewalipa.

Siku zilizopita tulipitisha mchezo wa mdogo wetu mmoja. Jina lake hatulitaji, hakuomba kutajwa. Unaendesha chukudu iliyobeba magunia ya makala, unashuka nayo hadi sokoni, barabara ni ya mawe ya volkano, na usipofunga breki kwa wakati mzigo unamwagika. Basi. Mchezo wote ni huo, na kwa kweli ni wazo zuri sana.

Komanteri zilikuja za aina mbili. Aina ya kwanza: «Ii njo nini tena? Picha sawa ya mutoto wa maternele.» «Peleka iyi takataka mbali, sisi tunacheza GTA.» Aina ya pili: «Yaya uko foti! Kongo juu!» na mioyo na bendera, bendera na mioyo, hadi chini.

Tukaucheza. Tatizo la ule mchezo mtu analiona ndani ya dakika tano: kitufe cha breki kiko chini kulia, na pale pale ndipo magunia yanapoonekana kwenye kioo. Kidole gumba kinayafunika. Gunia likianza kuinama, huoni. Unashindwa na hujui juu ya nini umeshindwa. Ni kitu cha kusahihisha kwa saa moja, labda nusu saa. Na katika zile komanteri zote, za matusi na za sifa, hakuna hata moja iliyokitaja. Maana yake ni rahisi: aliyetukana hakucheza, na aliyesifu naye hakucheza.

Tuanze na wale wa matusi, wao ni rahisi zaidi. Mtu akichukua mchezo wa kijana mmoja na kuuweka kando ya GTA, ambayo watu mamia kwa mamia walilipwa miaka mingi kuitengeneza, hajapima kitu. Ni sawa na kumwambia mama anayeuza mandazi kwamba duka lake si hoteli. Anajua. Swali la haki ni kama mandazi yameiva.

Tena picha nzuri si ushahidi wa mchezo mzuri. Mwaka 1984, kule Moscow, Alexey Pajitnov alitengeneza Tetris kwenye mashine iliyoitwa Elektronika 60. Ile mashine haikuweza kuchora picha hata kidogo. Vipande vyake vilikuwa mabano, yale mabano tunayoandika katika hesabu, yakishuka kwenye kioo. Mtu wa «picha za maternele» angeutupa siku ya kwanza. Leo bibi yako anaweza kuwa ameucheza kwenye telefone bila kujua unatoka wapi. Hatusemi kila mchezo mbaya wa kartie ni Tetris iliyojificha, hapana. Mingi ni mibaya tu. Lakini ubaya wake utafute pale ulipo: katika vidole, katika sheria za mchezo, katika kile kinachotokea ukishindwa mara ya tatu na unataka kujaribu ya nne, au hutaki.

Sasa wale wa sifa. Hao wanatuumiza zaidi, juu wanatoka nyumbani.

Kila mmoja wetu anajua mabanga. Mwanamuziki anaimba mapenzi, katikati anataja jina la tajiri fulani wa Kinshasa au Paris, tajiri amelipa, wimbo unaendelea. Hakuna anayedanganyika kwamba yule tajiri ni shujaa. Na wakubwa kati yetu wanakumbuka djalelo, kuimba na kumchezea kiongozi hata kama watoto hawajala. Tumeapa katika harakati hii kwamba hatutapiga djalelo kwa mtu. Lakini mwenzetu wa kartie, wa iniversite moja, wa kabila moja, akitoa kitu, mikono inaanza kupiga yenyewe. «Uko foti.» Foti kwa nini? Katika nini? Hatusemi, na yeye hajui arekebishe nini, na mchezo wa pili unakuja na breki pale pale.

Kuna madhara mengine ya sifa za bure ambayo hayasemwi sana. Kijana aliyesifiwa hivyo anakwenda kuweka kazi yake kule watu wasiomjua wanapoipakua. Itch.io, kwa mfano, iko wazi toka 2013, mtu yeyote anaweza kuweka mchezo. Kule hakuna ndugu. Mtu wa Brazil au wa Poland anafungua, anakutana na breki iliyofichwa, anafunga, anakwenda. Hatukani, hasemi hata neno. Ule ukimya ndio unaovunja moyo, na yeye anarudi akisema wazungu wanatubagua, au anasema hana kipaji. Yote mawili si kweli. Wale waliompenda walimficha habari, ndiyo sababu.

Hatuko wa kwanza kufikiri juu ya jambo hili. Kuna watu wamekaa miaka mingi wakitafuta namna ya kupima michezo ya watu wasio na kampuni, na baadhi ya sheria zao ni za akili sana. Toka 1995 kuna shindano la michezo ya maandishi, ile ambayo unasoma na kuandika unachotaka kufanya, linaitwa IFComp. Anayetoa alama anapewa saa mbili. Anaweza kuendelea kucheza akipenda, lakini alama anaitoa kwa yale aliyoyaona katika saa mbili za kwanza. Na alama zake hazihesabiwi kama hajapima angalau michezo 5. Fikirini sheria hiyo ya 5 inafanya nini: huwezi kuja kumpigia rafiki yako 10 na kuondoka. Lazima uketi na kazi za watu usiowajua. Ukifika mchezo wa nne, yule rafiki yako unamwona kwa macho mengine.

Shindano lingine, Ludum Dare, lilianza 2002. Katika mashindano yake makali zaidi mtu mmoja anatengeneza mchezo peke yake kwa saa 48, kisha washiriki wanapimana wenyewe. Hawatoi alama moja tu. Kuna alama ya raha, ya ubunifu, ya picha, ya sauti, ya kuchekesha, na nyingine. Na kuna kitu kimoja ambacho mimi nakipenda: kama muziki hukuutengeneza wewe, unaweza kusema «musinipime kwa sauti», na hupimwi. Kwetu hapa mtu anachukua muziki wa intaneti, anasifiwa kwa muziki huo, ananyamaza.

Hizo sheria zinatoka mbali na hatutazibeba zote. Hapa kwetu kuna vitu vya kupima ambavyo wale hawavifikirii. Mchezo una uzito wa mega ngapi? Mchezo wa mega 400 kwa mtu anayenunua mega za siku ni mchezo ambao haupo. Unafanya kazi bila intaneti? Je, kwenye telefone ndogo, ya Itel au ya Tecno ya bei ya chini, ile ambayo watu wengi wanayo mfukoni, unafunguka au unajifunga? Unakula bateri kiasi gani, wakati kusharji kwa jirani kunalipwa? Mtu akipigiwa simu katikati, anaporudi anakuta amefika wapi? Mchezo wa chukudu, tuseme ukweli wake, hapa ulipita vizuri: mega 31, unacheza bila intaneti, simu ikiingia unasimama na kukungoja. Aliyeutengeneza aliwafikiria watu wa hapa. Hakuna aliyemsifu kwa hilo, na ndilo alilostahili sifa.

Kwa hiyo mpimaji aseme amecheza kwenye telefone gani, kwa muda gani, na amefika wapi. Kama umeacha kiwango cha kwanza, andika kwamba umeacha kiwango cha kwanza na kwa nini. Hiyo si aibu, ni habari. Ucheze mara mbili, ya pili siku nyingine, juu mchezo mgumu na mchezo mbovu vinafanana sana siku ya kwanza. Kuna michezo inayokushinda kwa sababu hujajifunza, na kuna inayokushinda kwa sababu kidole kiligusa na programu haikusikia. Ya kwanza ni haki ya mtengenezaji, ya pili ni kosa lake. Na kosa la programu, lile la mchezo kujifunga au kupoteza pointi, mwambie mwenyewe kwanza, kwa siri, umpe siku chache. Ukilikuta bado lipo, liandike.

Uliza pia amesema nini mwenyewe. Kama ameandika «hii ni jaribio, kiwango kimoja», usimdai viwango 20. Kama anaomba makuta, mambo yanabadilika, hata kama ni dola moja. Mtu akitoa dola katika mji huu ametoa chakula. Mchezo wa kuuzwa tutaupima kama kitu cha kuuzwa, hata kama aliyeuunda ana miaka 19 na tunampenda.

Hapo tukumbuke jirani zetu wa Cameroon. Kiro'o Games ya Yaoundé ilitoa Aurion: Legacy of the Kori-Odan mwezi wa nne 2016. Hiyo ni kampuni, na mchezo wao ulikuwa wa kulipia, kwa hiyo si sawa na chukudu yetu. Lakini somo liko pale. Juu ya mchezo kama huo ni rahisi sana kuandika ukurasa mzima kuhusu umeme unaokatika, kuhusu Afrika kuamka, na kumaliza bila kusema unachezwaje. Aliyeucheza atakuambia kwamba Enzo anapigana pamoja na mke wake Erine, kwamba nguvu zinatoka kwa wahenga na unaziunganisha kupata nguvu mpya, kwamba kuna kusoma kwingi kati ya vita na vita. Atakuambia pia palipomchosha. Huyo wa pili ndiye amewaheshimu wale vijana wa Yaoundé. Wa kwanza ameandika juu ya jenereta.

Sasa tufike kwenye swali gumu, ambalo katika harakati yetu tumelibishania hadi usiku: mchezo wenye ujumbe mzuri.

Tulipokea mchezo juu ya wenzetu waliofungwa baada ya maandamano. Unatembea, unashika kartoni, polisi wanakuja, unakimbia. Ujumbe ni wetu kabisa. Na mchezo ni mbaya. Ukikimbia kulia unashinda kila mara, ukikimbia kushoto unashindwa kila mara, na baada ya dakika tatu umebaki unasoma maneno ambayo tayari unayaamini. Baadhi ya wenzetu walisema: tuupitishe na kuusifu, unasaidia mapambano. Wengine, na mimi ni mmoja wao, tulisema hapana. Aliyelala chini ya cachot usiku mzima anajua kwamba pale hapakuwa na kulia kwa kushinda. Ulikuwa unachagua: kukaa na mwenzako aliyeanguka au kukimbia, kutoa jina lako la kweli au la uongo. Mchezo ungeweza kumpa mchezaji uchaguzi huo, uume. Haukumpa. Kumwambia mtengenezaji hivyo ni kuyaheshimu mapambano zaidi kuliko kumpigia makofi.

Linganisheni na mchezo unaotuhusu ambao wengi hapa hawaujui. Mwaka 2011 Paolo Pedercini, Mwitaliano anayefanya kazi kwa jina la Molleindustria, alitoa Phone Story, mchezo wa telefone unaosimulia telefone inatoka wapi. Sehemu ya kwanza ni Kongo, mgodi wa koltani. Watoto wanachimba, wanachoka, wanasimama. Wewe, mchezaji, unawaongoza walinzi wenye bunduki kwenda kuwatisha ili warudi kazini. Usipofanya hivyo, huendelei. Apple iliuondoa katika duka lake mwezi huo huo wa Septemba uliotoka, muda mfupi sana baada ya kuuweka.

Je, ni mchezo mzuri? Kwa picha ni mdogo, kwa urefu unamaliza kabla chai haijapoa. Lakini ujumbe uko kwenye kidole. Unafanya ubaya kwa mkono wako, kwenye telefone ambayo ndani yake kuna ile koltani. Pale amefaulu, na mpimaji wa haki lazima aseme. Na lazima aseme na la pili: wale watoto hawana majina, hawana la kuamua, Kongo ni hatua moja ya kupita kwenda China na Pakistan. Mtu wa Masisi akiucheza anajiona kama kitu kinachotishwa, basi. Tunaweza kusema yote mawili juu ya mchezo mmoja, kwa sauti moja, na Pedercini asingekuwa adui yetu. Tukiweza kumfanyia Mwitaliano, mdogo wetu wa maandamano anastahili hivyo hivyo.

Kuna jambo la mwisho kabla ya kusema tutafanya nini, nalo ni la nani anapima. Kama ni ndugu yako, kama mlisoma darasa moja, kama alikununulia bia, sema. Andika mstari mmoja juu: «ninamjua.» Watu watasoma wakijua. Kama picha zilichukuliwa kwenye mchezo wa mtu mwingine bila ruhusa, au zilitengenezwa na mashine ya AI na mwenyewe anasema amechora kwa mkono, hilo si jambo la ladha tena, ni uongo, na sisi tunaowadai viongozi ukweli hatuwezi kulifumbia macho juu ni kijana. Lakini kuwe na ushahidi. Picha mbili kando kwa kando. Si «inaonekana sawa ameiba».

Kwa hiyo, kuanzia sasa, kila mchezo utakaotumwa kwetu utapewa watu watatu, na angalau mmoja asiwe wa mji wa mtengenezaji. Kila mmoja atakuwa tayari amepima michezo mingine 5. Watacheza kwenye telefone tatu tofauti, moja ya bei ya chini kabisa tunayoweza kuazima. Yale watakayoandika, mtengenezaji atayasoma siku 3 kabla ya watu wote, asahihishe kama tumesema uongo juu ya kitu, lakini hataweza kufuta maoni. Kama ana chini ya miaka 18, hatutatoa alama, tutamwandikia yeye tu. Hakuna atakayelipwa, hakuna atakayelipa. Akija mtu wa siasa na bahasha ili mchezo wenye picha yake upite, tutapitisha picha ya bahasha.

Mnaotuma, andikeni mega, andikeni telefone mliyojaribia, andikeni nini ni chenu na nini si chenu. Mnaotaka kupima, hatutafuti mabingwa. Tunatafuta watu wanaoweza kueleza mahali ambapo kidole kilikwama.

Mdogo wetu wa chukudu amekubali kuwa wa kwanza. Tulimwandikia juu ya breki. Alijibu usiku ule ule: «Asanti. Mimi ninatumia mukono wa kushoto, sikujua.» Toleo jipya liko kwetu, lina mega 32, kitufe kimepanda juu na unaweza kukihamisha upande unaotaka. Watatu wameanza kulicheza jana.